Tafsiri na kuzaliwa kwa fasihi mpya ya Kiarabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili aliyewahi kuambiwa kwamba fasihi ya kisasa ya Kiarabu "imetoka Ulaya", au aliyeambiwa kinyume chake, na sasa anataka kujua ukweli uko wapi. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa habari yenyewe ni tamu. Mengine ni mafupi kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Kwani Waarabu walikuwa hawatafsiri kabla ya karne ya 19?

Walitafsiri sana, na mapema. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa' aliileta Kalila na Dimna kutoka Kifarsi cha kale, na Kiarabu chake bado hutolewa mfano wa nathari safi. Karne iliyofuata, Hunayn ibn Ishaq na wenzake mjini Baghdad walihamisha tiba na falsafa ya Wayunani, mara nyingi kwa kupitia Kisiria.

Lakini walichagua. Tiba, mantiki, hisabati na elimu ya nyota vilipita. Mashairi na michezo ya kuigiza vikaachwa mlangoni. Katika karne ya 10 Abu Bishr Matta alipokuwa akitafsiri kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi, alikutana na maneno mawili yanayotaja tanzia na futuhi, yaani mchezo wa huzuni na mchezo wa kuchekesha. Jukwaa hakuwahi kuliona. Akaandika *madih* na *hija*: sifa na kashfa, yaani tungo mbili ambazo Mwarabu yeyote alizijua. Wengi humcheka. Mimi namwonea huruma, maana kila mfasiri amewahi kushika neno lililo karibu kwa kukosa lililo sawa. Pengo hilo la jukwaa lilikaa wazi kwa takriban miaka 900.

Nahda ni nini, na ilianza lini?

Nahda maana yake ni kuinuka. Ndilo jina la mwamko wa fikra na uandishi uliotapakaa nchi za Kiarabu kuanzia karne ya 19, vitovu vyake vikiwa Kairo na Beirut.

Vitabu vingi huanza na Napoleon kushuka Misri mwaka 1798, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala. Sikubaliani nalo. Halab, huko Syria, kulikuwa na matbaa ya herufi za Kiarabu tangu 1706. Kilichobadilika baadaye ni kwamba dola yenyewe iliingia kazini. Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri, alitaka jeshi la kisasa. Jeshi likataka madaktari na wahandisi. Madaktari na wahandisi wakataka vitabu. Matbaa ya Bulaq ikajengwa Kairo, na kati ya vitabu vyake vya mwanzo, mwaka 1822, kilikuwemo kamusi ya Kitaliano na Kiarabu. Fasihi haikuwa kwenye mpango wa Pasha. Iliingia kwa mlango wa uani.

Kwa nini kila anayesimulia habari hii huanza na Tahtawi?

Kwa sababu maisha ya mtu huyu mmoja yamebeba karibu kila kitu. Rifa'a al-Tahtawi alizaliwa mjini Tahta mwaka 1801, mwaka uleule Wafaransa walipofungasha virago kuondoka Misri. Alisoma al-Azhar, chuo kikongwe cha Kiislamu cha Kairo. Mwaka 1826 mwalimu wake, Sheikh Hasan al-Attar, alimpendekeza awe imamu wa wanafunzi waliokuwa wakipelekwa Paris. Kazi aliyopewa ilikuwa kuwasalisha vijana, basi. Yeye akajifunza Kifaransa, akakaa miaka mitano, akarudi na mswada wa kitabu kuhusu Paris na watu wake. Kitabu kilichapishwa 1834, na ndani yake mna katiba ya Wafaransa aliyoitafsiri na kuifafanua. Bado najiuliza Pasha alikisoma kwa jicho gani, yeye ambaye amri yake haikuwa na mpaka.

Mwaka 1835 ilianzishwa shule ya lugha, *al-Alsun*, maana yake "Ndimi", na Tahtawi akawa mkuu wake. Jina hilo lingali hai: ndilo la kitivo cha lugha katika Chuo Kikuu cha Ain Shams. Tafsiri za siku zile zilifanywa kwa namna ambayo leo tumeisahau. Katika shule ya tiba iliyofunguliwa Abu Zabal mwaka 1827, mwalimu Mfaransa alisema, mkalimani akageuza, halafu sheikh wa al-Azhar akanyoosha lugha. Sentensi moja, mikono mitatu. Nathari ya Kiarabu tunayoisoma magazetini leo, isiyo na madoido mengi wala vina kila kituo, kwa maoni yangu ilianza kuzoeleka kwenye meza kama hizo, watu wakijadiliana namna ya kueleza figo na mishipa.

Kisha upepo ukageuka. Mtawala mpya, Abbas, hakupenda mambo haya. Shule ikafungwa, na mwaka 1850 Tahtawi akapelekwa Khartoum. Kwa jina alipewa shule ya kuongoza, lakini kila mtu alijua kuwa amefukuzwa. Huko, katika joto na maradhi yaliyowaua baadhi ya wenzake, akaanza kutafsiri *Télémaque* ya Fénelon, kisa cha Kifaransa cha mwaka 1699 ambamo mlezi anamfundisha mwana wa mfalme jinsi watawala dhalimu wanavyoangamiza nchi zao. Hakuandika hata neno moja dhidi ya Abbas. Alitafsiri tu.

Kitabu kilitoka Beirut mwaka 1867 kwa jina *Mawaqi' al-aflak fi waqa'i' Tilimak*. Lisome kwa sauti. Hata usipojua maana, sikio la mtu aliyelelewa na mashairi litadaka vina: aflak, Tilimak. Mfaransa ameingia mjini amevaa kilemba.

Ni kweli kwamba katika Hamlet ya Kiarabu, Hamlet hafi?

Ni kweli. Katika tafsiri ya Tanyus Abduh, iliyochezwa Kairo mwanzoni mwa karne ya 20, Hamlet anamaliza mchezo akiwa hai na kukalia kiti cha baba yake. Kwa miaka mingi jambo hili lilitajwa kama kichekesho: tazama Waarabu walivyomharibu Shakespeare.

Kichekesho kinageuka ukitazama Abduh alitafsiri kutoka wapi. Alitumia Kifaransa, na toleo la Kifaransa lililotawala majukwaa wakati huo lilikuwa la Alexandre Dumas na Paul Meurice. Humo mzuka wa baba unatokea mwishoni na kumwambia mwanawe: wewe utaishi. Basi aliyemponya Hamlet ni Mfaransa. Mwarabu alimpokea akiwa mzima.

Alichoongeza Abduh ni nyimbo, na sababu ilikuwa ya kibiashara kabisa. Mwigizaji mkuu alikuwa Sheikh Salama Hijazi, mwimbaji aliyependwa mno, na watu walikata tiketi waje kumsikia akiimba. Ungempa Hamlet asiyeimba, wangedai fedha zao.

Mwenzake wa kabla yake, Muhammad Uthman Jalal, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1873 alimchukua Tartuffe wa Molière, mnafiki anayejifanya mcha Mungu, akamfanya Sheikh Matluf, anayezungumza Kiarabu cha mitaani cha Kimisri, tena kwa mashairi. Kazi za namna hii ziliitwa *tamsir*, kufanya kitu kiwe cha Kimisri, au *ta'rib*, kukiarabisha. Neno jingine ni *iqtibas*, nalo ndilo nilipendalo. Asili yake ni kuchukua kijinga cha moto kutoka kwenye moto wa mwingine. Waliokulia majumba ya kupikia kuni wanajua: unakwenda kwa jirani na kipande cha kifuu, unaomba kaa, unarudi mbio usije ukazimika. Moto ni wa jirani, lakini chungu kinachochemka ni chako.

Inawezekanaje mtu atafsiri Kifaransa bila kukijua?

Muulize Mustafa Lutfi al-Manfaluti (1876–1924). Alikuwa sheikh wa al-Azhar asiyejua lugha yoyote ya kigeni. Marafiki walimtafsiria hadithi kwa Kiarabu cha kawaida, naye akakaa na kuiandika upya kwa Kiarabu chake, kilichojaa machozi na mdundo. Ndivyo *Sous les tilleuls* ya Alphonse Karr ilivyokuwa *Majdulin*, na tamthilia ya Cyrano de Bergerac ikawa riwaya iitwayo *al-Sha'ir*, "Mshairi". Ufaransani leo ni wachache wanaomkumbuka Karr. Kwa Kiarabu *Majdulin* iliwaliza vijana kizazi baada ya kizazi na bado inauzwa.

Je, hiyo ni tafsiri? Kwa vipimo vya darasani, hapana. Lakini waandishi wengi waliokuja baada yake walijifunza kwake kwamba Kiarabu kinaweza kueleza mapenzi ya kijana maskini kwa kurasa 200 bila ngamia wala magofu ya kambi iliyohama, kama katika mashairi ya kale. Ukiiondoa kazi hiyo kwa kuwa si "aminifu", umeondoa ngazi waliyopandia.

Mbona maneno yao ya fasihi ni kama yetu?

Kwa sababu tuliyachukua kwao: riwaya, fasihi, shairi, jarida, tamthilia. Ila tusidhani yalikuwa tayari na maana za leo. *Riwaya* kwa Kiarabu cha kale ilikuwa kazi ya kupokeza mashairi au hadithi za Mtume kutoka kinywa hadi kinywa. Katika karne ya 19 wafasiri walihitaji jina la vitu vipya vilivyotoka Ulaya, wakalitwika neno hilo mzigo mpya, na kwa muda mrefu likabeba riwaya na mchezo wa jukwaani kwa pamoja. Kiswahili kilipolipokea kwa maana ya kisa kirefu cha kubuni, kililipokea likiwa limekwisha kufinyangwa upya.

Tahadhari moja: *tafsir* kwa Kiarabu ni ufafanuzi, hasa wa Kurani. Kugeuza lugha ni *tarjama*. Ukimwambia Mmisri kwamba unafanya "tafsiri ya Hamlet", atadhani umekwenda kuishereheshea wanafunzi.

Tafsiri ya Biblia ilikuwa na mchango wowote?

Ulikuwa mkubwa. Toleo lililokamilika Beirut mwaka 1865 lilianzishwa na mmisionari Mmarekani Eli Smith na kumalizwa na Cornelius Van Dyck, lakini lugha yake ilipita mikononi mwa Butrus al-Bustani, Nasif al-Yaziji na Sheikh Yusuf al-Asir, Mwislamu aliyesoma al-Azhar. Bustani huyohuyo alitoa Robinson Crusoe kwa Kiarabu mwaka 1861, kisha akatunga kamusi na kuanza ensaiklopidia. Mpinzani wao mkali, Ahmad Faris al-Shidyaq, alishiriki tafsiri nyingine ya Biblia huko Uingereza, na adha za kazi hiyo zikamtia kalamu mkononi: kitabu chake cha mwaka 1855, *al-Saq 'ala al-saq*, kinawadhihaki maaskofu, wamisionari na mustashriki (Wazungu wasomi wa mambo ya Mashariki) kwa Kiarabu ambacho mpaka leo kinawatoa jasho wafasiri.

Ushairi ulibadilika vipi? Nimesikia shairi huru la Kiarabu limetoka kwa Eliot.

T. S. Eliot, mshairi wa lugha ya Kiingereza, anahusika, lakini alikuja katikati ya safari. Mwanzo wake naupenda zaidi.

Mwaka 1904 Sulayman al-Bustani alichapisha Iliad nzima kwa Kiarabu, kwa beti zenye mizani na vina vya kale. Kazi ya ajabu, na watu wa Kairo wakamfanyia karamu. Lakini ilionyesha pia ukuta ulipo. Kasida ya Kiarabu hubeba kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mstari umekatwa nusu mbili zilizo sawa. Kisa kirefu, chenye watu wanaokatizana maneno, kinapumua kwa shida humo, ndiyo maana Bustani alilazimika kubadilisha bahari (yaani aina za mizani) na vina mara kwa mara.

Miaka ya 1930 akatokea kijana wa Kihadhrami, Ali Ahmad Bakathir. Alizaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1910, akalelewa Hadhramaut, akaenda Kairo kusoma Kiingereza chuo kikuu. Watu wa pwani yetu wanaijua ramani hiyo, maana meli zilizompeleka Mhadhrami Surabaya zilikuwa na wenzao waliompeleka Lamu na Mombasa. Kisa chake ni mashuhuri: mwalimu wake Mwingereza aliwaambia darasani kwamba shairi lisilo na vina, kama alivyoandika Shakespeare, kwa Kiarabu haliwezekani. Bakathir akaenda nyumbani, akaitafsiri Romeo na Juliet kwa namna hiyohiyo.

Katika kutafsiri akagundua jambo la kifundi. Baadhi ya bahari za Kiarabu zimejengwa kwa kurudia kipande kimoja tu cha mdundo. Ukitumia bahari hizo, si lazima kila mstari uwe na vipande vinne au vinane. Unaweza kuweka viwili, kisha vitano, kisha kimoja, kadiri maneno ya mhusika yanavyodai. Mdundo unabaki, urefu unafunguka. Mwaka 1940 akatoa tamthilia yake mwenyewe juu ya Akhenaten na Nefertiti kwa utungo huo.

Mwaka 1947 Wairaki wawili, Nazik al-Mala'ika na Badr Shakir al-Sayyab, walitoa mashairi yaliyoufanya mtindo huu kuwa harakati. La Nazik lilihusu kipindupindu kilichokuwa kikiua watu Misri. Wakagombana miaka mingi nani alitangulia, ingawa Sayyab mwenyewe alikuja kumtaja Bakathir. Hapo ndipo Eliot anapoingia, pamoja na Jabra Ibrahim Jabra, Mpalestina aliyeishi Baghdad, ambaye alitafsiri sehemu ya kazi kubwa ya Frazer, msomi Mskoti wa mila na visasili, inayomhusu Adonis, mungu anayekufa na kufufuka. Sayyab na wenzake wakaona mungu huyo ni wa kwao, ni Tammuz wa Iraki, wakamrudisha nyumbani. Mvua katika "Unshudat al-Matar" ya Sayyab inanyesha juu ya nchi yenye njaa na pia juu ya miungu hiyo.

Nyongeza kwa waliofuata ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko kwetu, juu ya vina na mizani katika ushairi wa Kiswahili: msilinganishe haraka. Kezilahabi katika *Kichomi* (1974) aliacha vyote viwili, vina na mizani. Sayyab na Nazik walilegeza vina na kuachia urefu, lakini kipande cha mdundo walikishika kwa meno. Walioacha vyote walikuja baadaye, wengi wao wakilizunguka jarida la *Shi'r*, lililoanza Beirut mwaka 1957, na Nazik aliwapinga kwa ukali.

Riwaya ya kwanza ya Kiarabu ni ipi?

Jibu la mtihani ni *Zaynab* ya Muhammad Husayn Haykal, ya mwaka 1913, aliyoanza kuiandika akiwa mwanafunzi Paris na kuitoa bila jina lake, kwa sahihi ya "Mmisri mkulima". Jibu la haki lina majina mengi zaidi. Khalil al-Khuri alichapisha kisa kirefu gazetini Beirut mnamo 1859–60, ambacho jina lake unaweza kulisema hivi: "Ole wangu, kumbe mimi si Mzungu!" Zaynab Fawwaz alitoa riwaya mwaka 1899. Jurji Zaydan alikwisha kuandika zaidi ya riwaya 20 za historia. *Zaynab* ilipewa cheo kwa kuwa inafanana zaidi na riwaya ya Kifaransa, na hapo mtu auliza: ni nani aliyeweka mizani hiyo?

Aladini naye?

Huyu alisafiri kinyume. Antoine Galland alianza kuchapisha Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa mwaka 1704. Hati alizokuwa nazo ziliisha kabla ya hamu ya wasomaji. Mwaka 1709, Paris, kijana Msyria kutoka Halab, Hanna Diyab, alimsimulia visa vingine, vikiwemo Aladini na Ali Baba. Hakuna hati ya Kiarabu ya Aladini iliyo ya kabla ya Galland. Vilirudi Uarabuni kwa tafsiri.

Je, ni kweli Waarabu wote kwa pamoja hutafsiri vitabu vichache kuliko Ugiriki?

Dai hili lilienea kupitia ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 kuhusu maendeleo ya watu katika nchi za Kiarabu: vitabu 330 kwa mwaka, moja ya tano ya vya Ugiriki. Limenukuliwa kila mahali, na watafiti wa tafsiri wamelipinga, kwa kuwa msingi wake ni hesabu za zamani zenye mapengo. Vitabu vinatoka Kairo, Beirut, Damascus na kwingineko bila daftari moja la kuvihesabu. Hata hivyo aibu ilizaa matunda: mwaka 2006 Misri ilianzisha Kituo cha Taifa cha Tafsiri, na mwaka uliofuata Abu Dhabi ikaanzisha mradi wa Kalima.

Tatizo ninaloliona mimi ni la njia. Dostoevsky mashuhuri wa Kiarabu ni wa Sami al-Durubi, Msyria, naye alimtafsiri kutoka Kifaransa. Kiarabu chake ni kizuri mno hata watu hawataki kubadilishiwa.

Na tafsiri za kutoka Kiarabu kwenda nje?

Zilichelewa. Naguib Mahfouz, ambaye kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1932, kilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza juu ya Misri ya kale, alimaliza kutoa Juzuu Tatu za Kairo mwaka 1957. Kwa Kiingereza zilitoka 1990 hadi 1992, baada ya Nobeli ya 1988. Kabla ya hapo mzigo mkubwa aliubeba Denys Johnson-Davies, aliyezaliwa Kanada na kupitisha utoto wake Misri, Sudani, Uganda na Kenya. Yeye ndiye aliyeitafsiri mwaka 1969 riwaya ya Msudani Tayeb Salih kuhusu msimu wa kuhamia kaskazini.

Mwaka 2019 Jokha Alharthi wa Oman na mfasiri wake Marilyn Booth walipata tuzo ya kimataifa ya Booker kwa *Sayyidat al-Qamar*, mara ya kwanza kwa kitabu cha Kiarabu, wakagawana pauni 50,000 nusu kwa nusu. Riwaya hiyo inagusa utumwa ndani ya nyumba za Oman, nasi tunajua watumwa wengi wa nyumba zile walitoka pande zipi.

Pwani ya Waswahili iliguswa na Nahda?

Iliguswa, tena mapema. Sayyid Barghash alipita Misri mwaka 1875, na Unguja ikapata matbaa ya Kiarabu iliyochapisha vitabu vya Kiibadhi. Mwaka 1911 mshairi Abu Muslim al-Bahlani alianzisha hapohapo gazeti la *al-Najah*. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, msomaji wa Muhammad Abduh na Rashid Rida, wanamageuzi wa Kiislamu wa Kairo, alitoa *al-Islah* mwaka 1932 kwa Kiarabu na Kiswahili ndani ya gazeti moja. Kwa hiyo mjadala wa Kairo ulifika kwetu ukiwa tayari na tafsiri yake pembeni. Na utamaduni wenyewe ulikuwepo: Hamziya ya al-Busiri, kasida ya kumsifu Mtume, ilikuwa imekwisha kuimbwa kwa Kiswahili zamani sana.

Nianze na kipi?

Kama unasoma Kiarabu kidogo, anza na *al-Ayyam*, tawasifu ya Taha Hussein. Alikuwa kipofu na aliandikisha kwa sauti, kwa hiyo sentensi zake zinafuatana kama mtu anayekusimulia barazani. Kama husomi Kiarabu, tafuta Tayeb Salih kwa Kiingereza. Ukishaiva kidogo, mrudie Shidyaq, ucheke. *Majdulin* iache mpaka uwe na Ijumaa nzima isiyo na kazi, na leso.